Stakabadhi Namba 417

Bamvua limevuta maji mbali alfajiri hii,
mwamba umebaki uchi kama ufizi.
Nashuka pwani ya Eita, upande wa bahari kuu,
na koti la njano la Wizara, kalamu, kitabu cha faini.

Namjua kwa mgongo kabla sijamwona uso:
Nei Tekinene, mdogo wake mama, tumbo moja.
Amechutama. Mpini wa koleo lake ulivunjika,
akaufunga kwa mpira wa baiskeli.
Gunia la mchele la kilo ishirini liko wazi mbele yake
kama mtoto anayelishwa.

"Mauri," anasema, bila kugeuka.
Salamu hiyo kwetu ni uzima: uwe hai.
"Mauri, mama mdogo. Unajua kilichonileta."
"Najua. Liandike jina langu vizuri.
Mwenzako mwaka jana aliliandika nusu."

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Ila kila kibaba kikijaa
kuna kingine mahali kinapungua.
Gunia kwa jirani anayejenga choo, gunia kwa kanisa,
arobaini kwa sakafu ya zahanati;
kisha wimbi la Februari likavuka barabara,
hiyo moja tuliyo nayo,
likaingia shimo la babai la mzee Bauro.
Majimbi ya babu yake, majani mapana kuliko mlango,
yakawa manjano kwa siku tisa.
Chumvi ikishakaribishwa haiagi.

Namweleza haya. Nimeyaeleza shuleni, redioni,
nina mchoro wenye mishale ya buluu.
Anasikiliza kama mtu asikiaye mvua ya kwa jirani.
"Na mchanga wa halali?"
"Upo. Meli inauchimba bahari ya ndani."
"Wanapima kwa gunia?"
"Kwa tani."
"Aa. Wa wenye magari," anasema, na koleo linashuka.

Kisha, taratibu: "Hili siuzi."
Ananyoosha mkono kule minazi miwili imelala kifudifudi,
nami naona nilichokuwa nakipitia mbali mwezi mzima:
kaburi la mama.
Kokoto zake nyeupe zimechotwa upande wa miguu,
ukingo wa saruji unaning'inia hewani kama jino bovu.
Tulimzika hatua thelathini kutoka majini.
Mimi ndiye niliyezihesabu.

"Magunia kumi na mawili. Nimeshaweka tisa.
Bahari imeanzia miguuni, Rereao.
Nataka isifike kifuani."

Natoa kitabu. Kazi ni kazi.
Naandika tarehe. Naandika mahali. Naandika: mchanga, gunia moja.
Penye jina la mkosaji kalamu inasimama,
maana ukuta wa ofisi yangu ulitoka pwani hii,
na kizingiti cha nyumba yangu,
na ukingo ule wa kaburi niliukoroga kwa mikono yangu
kwa mchanga ambao sikuuliza umetoka wapi.
Msiba hauulizi. Harusi haiulizi. Nani basi ataanza kuuliza?

Maji yanarudi, yanapapasa visigino vyetu.
"Shika pembe ile," ananiambia. "Mgongo wangu si wa jana."
Nashika.
Usiniulize gunia tulilipeleka upande gani.
Kisiwa chetu hapa ni hatua mia mbili:
ukigeuka, pwani; ukigeuka tena, pwani.

Stakabadhi namba 417 ililowa ukurasa mzima.
Kando yake nimeandika: imeharibika.
Msimamizi ameuliza kwa nini, sijamjibu bado.
Jumatatu tunapanda mikoko upande wa bahari ya ndani,
na mama mdogo amesema atakuja,
ila kwa koleo lake lilelile,
na asiulizwe lilikuwa likichimba nini jana.